Daftari la mahudhurio na kalenda ya mwezi

Mara ya kwanza nilipoitwa katika shule ile ya msingi iliyo kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, niliitwa kwenda kutisha watu. Mwalimu Mkuu alikuwa amemwandikia Mtendaji wa Kata barua ya kulalamikia utoro, Mtendaji akaipeleka halmashauri, na huko ikaandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Afisa Ustawi, shughulikia." Afisa huyo wa ustawi wa jamii nilikuwa mimi. Nilipofika niliwakuta wazazi kumi na saba wameketi kwenye madawati chini ya mwembe, kila mmoja amevaa nguo yake ya kwendea mjini, kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba bibi wa ustawi anakuja na kwamba atakayeshindwa kujieleza ataondoka naye. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini, na sina budi kukiri kwamba kuogopwa kule kulinipendeza kidogo.

Kabla ya kuzungumza nao niliomba daftari la mahudhurio la darasa la tano. Nilikuwa nikitafuta majina, lakini kilichonivuta macho ni namna alama za kutokuwepo zilivyokaa. Zilijaa kwa siku kadhaa mfululizo, zikapungua, zikakaribia kutoweka kwa wiki nzima, kisha zikajaa tena, na mtindo huo ulijirudia kwa miezi mitatu bila kujali kama siku ilikuwa ya gulio, ya mvua au ya mtihani wa majaribio. Nilimwonyesha mwalimu wa darasa la nne aliyekuwa amekaa karibu yangu akisahihisha madaftari, mama mtu mzima aliyezaliwa huko huko mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Alitazama mara moja tu, akacheka. "Dada Ustawi," akasema, "hiyo unayoisoma ni kalenda ya mwezi."

Anayeishi mbali na ziwa anahitaji kuelezwa. Dagaa huvutwa na mwanga, na wavuvi hutoka jioni wakiwa na taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, wakaziwasha juu ya maji katika usiku wa giza mpaka samaki wakusanyike chini yake ndipo wavu uinuliwe. Mwezi unapokuwa mpevu taa hizo hazifui dafu, hivyo mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa na watu hulala. Giza likirudi, mwalo hukesha. Alfajiri mitumbwi inapotia nanga huhitajika mikono mingi ya kuvuta, kupakua, kubeba, kuanika dagaa juu ya mchanga, nyavu kuukuu au vichanja, kuwageuza, kufukuza ndege na kuwakusanya haraka wingu linapotanda. Mikono ya watoto ni ya bei nafuu, na mara nyingi hulipwa kopo moja la dagaa.

Kwa hiyo nilikuwa na wazazi kumi na saba chini ya mwembe, Mwalimu Mkuu akisubiri niwakaripie, na mkononi nina daftari linaloonyesha kwamba utoro wa shule ile ulikuwa na saa yake, majira yake na mwajiri wake. Sikuwa na la kusema. Niliwauliza habari za nyumbani, nikaandika vitongoji vyao, nikawaomba waniruhusu nipite kuwatembelea mmoja mmoja. Mwalimu Mkuu hakufurahi, na aliniambia waziwazi kwamba kama angetaka mtu wa kupiga hodi angemwita mchungaji.

Simlaumu, maana hata wananchi wenyewe wanatufahamu kwa jambo moja tu. Mama akitelekezwa na mumewe humwambia, "Nitakupeleka ustawi," na mume huelewa kwamba anazungumzia matunzo ya mtoto. Ofisi zetu zimo katika halmashauri, ndani ya divisheni moja na afya na lishe, na mashauri ya ndoa, wazee wasio na makazi, watu wenye ulemavu, watoto wa mitaani na watoto waliokinzana na sheria yote hupita juu ya meza ile ile. Katika shule za msingi za serikali nilizofanya nazo kazi hapakuwa na hata moja yenye afisa ustawi wake. Walikuwepo walimu wa malezi na unasihi, watu wenye moyo, ambao walipangiwa jukumu hilo juu ya vipindi ishirini na kitu kwa wiki na madarasa ya watoto zaidi ya themanini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mamlaka ya serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake, na kifungu chake cha 95 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka hiyo. Hayo nilikuwa nikiyajua kwa moyo. Nilichokuwa sikijui ni umbali uliopo kati ya kifungu hicho na mlango wa nyumba ya udongo iliyo nyuma ya mwalo.

Chuoni tulifundishwa kwamba kazi ya ustawi shuleni ilianza Marekani mnamo mwaka 1906 na 1907, katika miji ya New York, Boston na Hartford, na kwamba walioianza waliitwa walimu watembeleaji. Wakati ule jina hilo lilinichekesha. Nilipokuwa nikipanda mlima wa mawe kuelekea kitongoji cha kwanza, viatu mkononi, nililielewa vizuri zaidi.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyonifundisha kazi. Ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu wanne, mkubwa wao mvulana wa darasa la tano ambaye mwalimu alikuwa ameniambia kwamba ni mvivu, mlalaji darasani na mtoro sugu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kabla sijaketi, "Umekuja kumchukua, mjukuu wangu?"

"Nimekuja kukaa, bibi."

Akanisogezea kigoda. Tulikaa muda mrefu tukichambua dagaa, na sikutoa karatasi yoyote mkobani. Mama wa watoto alikuwa ameolewa kisiwani na mume mwingine asiyetaka watoto wa nje. Ada haikuwa tatizo, kwa kuwa tangu mwaka 2016 elimumsingi hutolewa bila ada, lakini sare zilinunuliwa, madaftari yalinunuliwa, na wajukuu wale wadogo hawakuwa wakila ada. Bibi alikuwa kwenye orodha ya walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku, na ruzuku hiyo, alivyosema mwenyewe, ilikuwa ikifika mahali na kuishia hapo. Dagaa wa mvulana ndio waliokuwa wakijaza pengo.

Mvulana alirudi kutoka mwaloni saa saba mchana akiwa ananuka jua. Alipozoea kuniona nilimuuliza kwa nini siku za giza haji shuleni kabisa, badala ya kuja akiwa amechelewa. Alinitazama kama mtu anayemweleza mgeni jambo lililo wazi. "Nikichelewa nachapwa siku hiyo hiyo," akasema. "Nisipokuja nachapwa Ijumaa tu."

Watoro wa wiki walikuwa wakiitwa mbele Ijumaa, baada ya mstari. Mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa amepiga hesabu, akaona kwamba kukosa siku nne kunagharimu adhabu moja na kuchelewa siku nne kunagharimu adhabu nne, akachagua bei ndogo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema kwamba kiboko hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua, kwamba visizidi vinne, na kwamba viandikwe katika daftari maalumu. Daftari hilo nililiomba baadaye, nikaletewa likiwa na kurasa safi kama lilivyotoka dukani. Sisemi kwamba walimu wale walikuwa wakatili. Nasema kwamba walikuwa wameweka utaratibu uliomfundisha mtoto kutoroka, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto, hakuna aliyeuona.

Mkutano wa pili sikuuitisha shuleni. Niliomba ufanyike mwaloni, katika kipindi cha mwezi mpevu ambapo watu wana nafasi, na nikawaomba waje Mwalimu Mkuu, mwenyekiti wa kitongoji, viongozi wa BMU ambao ndio wasimamizi wa mwalo, matajiri wawili wenye mitumbwi, na wanawake wanaonunua na kuanika. Maneno yalikuwa mengi. Tajiri mmoja alisema kwamba yeye mwenyewe alikulia kwenye mitumbwi na leo ana nyumba ya bati, na watu walipiga makofi. Mwalimu Mkuu akamuuliza ni nani anayemsomea mikataba ya mkopo wake, na makofi yakahamia upande wa pili. Mwishowe walikubaliana kwamba BMU isiruhusu mtoto wa umri wa shule mwaloni kabla ya saa nane mchana siku za masomo, kwamba kazi ya kupakua alfajiri ifanywe na vijana waliokwisha kumaliza shule, na kwamba watoto wanaowasaidia wazazi wao kugeuza na kukusanya wafanye hivyo baada ya masomo. Nilikaa na bibi kwa faragha tukahesabu sharti la mahudhurio linaloambatana na ruzuku yake, lile la asilimia 80, kwa njia ya maharage: katika siku ishirini za masomo mjukuu asikose zaidi ya nne. Alikuwa akidhani kwamba kosa moja tu humfuta mtu kwenye orodha, na kwa hofu hiyo alikuwa amekata tamaa ya kulitimiza sharti lenyewe. Mwalimu Mkuu naye alikubali, baada ya kunitazama kwa muda, kwamba mtoto atakayechelewa siku za giza aingie darasani kwanza na aulizwe baadaye.

Mpango ule ulivuja mara nyingi. Kuna tajiri aliyewahamishia watoto mwalo wa pili, na kuna wiki ambazo bibi aliugua na mvulana akarudi majini alfajiri bila kuniuliza mimi wala BMU. Lakini alama za daftari zilipungua, na mvulana yule alimaliza darasa la saba pamoja na wenzake.

Ningependa niishie kwenye habari hiyo nzuri, ila kuna nyingine ambayo imenifunza zaidi na ambayo huwa nawasimulia maafisa wapya wanaokuja kwa mafunzo kazini. Katika shule nyingine, mbali na ile, mwalimu alininong'oneza kuhusu msichana wa darasa la saba aliyebadilika ghafla, hazungumzi, hataki kurudi nyumbani jioni, na huomba kufagia ofisi ya walimu hadi giza linaingia. Nilifika siku iliyofuata kwa gari la halmashauri lenye maandishi makubwa mlangoni. Nilimtuma kiranja amwite darasani, mbele ya wenzake wote, nikaongea naye katika ofisi ya walimu ambayo haikuwa na pazia wala ukimya. Hakusema neno. Mchana ule ule nikaongozana na Mtendaji hadi kwao, na gari likaegeshwa mbele ya uwanja ambapo majirani walitoka kutazama. Mjomba aliyekuwa akiishi pale alitukaribisha soda.

Wiki iliyofuata msichana hakuwepo. Tuliambiwa kwamba amekwenda kwa shangazi yake, wilaya nyingine, na kila tulipompata shangazi mmoja tulielekezwa kwa shangazi mwingine. Nilifungua jalada, nikaandika barua kwa mwenzangu wa wilaya ile, nikatoa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, yote kama inavyotakiwa. Jalada lina kurasa tisa na msichana hayumo.

Tangu siku ile sijawahi kuingia shuleni na gari la ofisi ikiwa ninamwendea mtoto mmoja. Hushuka barabarani nikatembea, au nikapanda bodaboda kama mtu yeyote. Nikihitaji kuzungumza na mtoto mmoja huwaita watano au sita kwa jambo la kawaida, tukazungumza habari za michezo na masomo, na yule ninayemtafuta huwa wa tatu au wa nne kubaki nami kwa dakika chache, asiwe wa kwanza wala wa mwisho. Naomba chumba chenye mlango, hata kama ni stoo ya majembe. Sifiki nyumbani kwa mtoto kabla sijajua nani anaishi humo na ni nani katika ukoo anayeweza kumpokea usiku huo huo ikibidi aondoke. Na pale panapokuwa na dalili ya kuumizwa, namtanguliza hospitalini, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono kama kipo karibu, ambako daktari, polisi na ustawi hukutana naye mahali pamoja, ili asilazimike kusimulia jambo lile lile mara nne kwa watu wanne. Ni mambo madogo ya namna ya kutembea na mahali pa kuketi. Hayakuwa katika mtihani wangu wowote.

Namba 116, ambayo mtoto hupiga bure kuomba msaada, tuliichora ukutani katika shule kadhaa. Inasaidia, ingawa watoto wa mwaloni hawana simu, na walionazo ni wale watu wazima ambao wakati mwingine ndio wanaohusika. Ndiyo maana bado naamini mtu mzima mmoja anayeaminika ndani ya uzio wa shule anashinda namba yoyote. Mara nyingi mtu huyo ni mwalimu, au mpishi wa uji, au mlinzi. Kazi yangu imekuwa kumtambua nani ni nani katika kila shule na kuhakikisha kwamba anapoambiwa siri ana mahali pa kuipeleka. Yule mwalimu aliyeninong'oneza alifanya wajibu wake. Mimi ndiye niliyekuja na gari.

Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, ulioruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurudi katika shule za mfumo rasmi. Niliusoma kwa furaha isiyofichika, na siku chache baadaye nikamtembelea mkuu wa shule moja ya sekondari ya kata, aliyeniambia kwa dhati kabisa kwamba milango iko wazi. Ilikuwa wazi kweli, na hakuna aliyekuwa akipita. Nilichukua majina sita na kuanza tena kupanda mawe. Katika nyumba ya kwanza mama wa msichana alinisikiliza hadi mwisho, akatazama kitoto kilicholala kwenye kanga, akaniuliza, "Saa nne kikilia, mimi ndiye nitakayekinyonyesha?"

Swali hilo halikujibiwa na waraka, wala halikuwa kazi ya waraka kulijibu. Ilikuwa kazi yetu. Tulihangaika nalo kwa wiki kadhaa: ni nani atakayebaki na mtoto, ni mbali kiasi gani, je mama anaweza kutoka wakati wa mapumziko na kurudi bila kuonekana mtoro, sare ya zamani inamtosha au la, na wavulana waliokuwa wakimwita "mama fulani" darasani watanyamazishwa na nani. Mkuu wa shule alikubali kuwapa muda wa kutoka. Mwalimu wa malezi alizungumza na darasa siku moja kabla hawajarudi, kwa maneno machache, na akakaa nyuma ya darasa wiki ile yote akisahihisha madaftari yake huko, bila kumwambia mtu kwa nini. Kati ya wale sita wanne walirudi, na watatu wakafanya mtihani wa kidato cha nne. Aliyeacha njiani hakuacha kwa kukosa akili. Mtoto wake aliugua, kisha mama yake aliyekuwa akimlea akaugua, na nilipofika tayari alikuwa akiuza maandazi stendi na hakutaka kuzungumzia shule.

Huwa naulizwa kama kila shule iajiri afisa ustawi wake. Ningefurahi ikitokea, lakini nikipewa kuchagua leo ningeanza na mmoja kwa kila kata, mwenye siku maalumu katika kila shule inayojulikana kwa walimu na watoto, ili kumwona afisa ustawi kuwe jambo la kawaida kama kumwona mtu wa chanjo. Maana hofu ile niliyoikuta chini ya mwembe ilitokana na sisi kufika pale tu mambo yanapokuwa yameharibika. Anayeonekana kila Jumanne akinywa chai na mihogo katika ofisi ya walimu huambiwa mambo yakiwa bado mabichi. Walimu nao husema yao: kijana mmoja aliyepangwa kituo cha mbali, anayefundisha masomo matatu na kulala chumba kisicho na dari, aliniambia siku moja kwamba fimbo alikuwa akiichukua zaidi siku ambazo hakuwa amepokea simu kutoka kwao. Sikuandika jambo hilo popote. Nilimpigia mwalimu wake wa malezi, ambaye alimkaribisha chakula cha jioni.

Katika shule ile ya kwanza bado nakwenda. Mwalimu Mkuu, yule aliyetaka nimwache mchungaji apige hodi, ana mazoea mapya: mwanzoni mwa kila mwezi huchora kwa penseli, juu ya ukurasa wa daftari la mahudhurio la kila darasa, kiduara kidogo kwenye tarehe ambayo mwezi utakuwa mpevu na kingine kilichotiwa kivuli kwenye tarehe utakapokuwa gizani. Walimu wageni hudhani ni alama ya mshahara. Na siku chache kabla ya mitumbwi kurudi majini hunitumia ujumbe kwenye simu, mfupi, bila salamu, kama mtu aliyemzoea mwenzake: "Ustawi, giza linaanza Jumatatu. Njoo mapema, bibi amerudi kuumwa."